Mkebe wa Kuchomea Nywele

Saluni yangu iko Migori mjini, kwenye barabara ya nyuma ya soko, na wateja hawaji kwangu kwa sababu nasuka vizuri kuliko wengine. Wapo wanaonishinda, na ninawajua. Wateja wanakuja kwa sababu ya mkebe. Ni mkebe wa rangi ya nyumba, umeungua hadi ukawa mweusi, na unakaa nje ya mlango wa nyuma. Kila unywele unaotoka kichwani mwa mteja, uwe umenaswa na kitana au umeanguka sakafuni, naufagia, nautia humo, namwaga mafuta taa kidogo na kuwasha kiberiti mteja akiwa bado kwenye kiti, asikie harufu mwenyewe. Akishaisikia, anatulia.

Huku kwetu mtu hachezi na nywele zake. Zikiangukia mkononi mwa jajuok, mchawi wa kwetu, hahitaji kukuona wala kukugusa. Atazifunga anavyojua, nawe uanze kuumwa kichwa kisichosikia dawa, au mume akukimbie, au usizae. Mama yangu alinifundisha kuchoma nywele kabla hajanifundisha kusuka. Mimi ni Msabato, na mchungaji akisema uchawi hauna nguvu kwa mtu wa Mungu, naitikia amina kwa sauti. Jumapili nafungua saluni na kuwasha mkebe. Atakayeniita mnafiki na aniite, ila kwanza aniambie nywele zake mwenyewe anazitupa wapi.

Nayasema haya ili ieleweke kwa nini, siku nilipoombwa unywele mmoja tu wa mwanangu, sikuwa nao.

Mwanangu huyo sikumzaa. Zamani nilikuwa na kibanda cha kusukia Rodi Kopany, karibu na nyumbani kwetu, na siku moja ya soko akaja mwanamke nisiyemjua, mtoto mchanga mgongoni. Nilipofika nusu ya kichwa chake, akasema anatoka kidogo akanunue maziwa, akamlaza mtoto kwenye mkeka wangu. Akaenda upande mmoja umesukwa, upande mwingine nywele zimesimama wima, hata nikamcheka. Hakurudi. Chifu alijua, kanisa lilijua, na hakuna aliyewahi kuja kumuulizia yule mtoto. Jioni ile nilichoma nywele za mama yake zilizobaki kwenye kitana, kama kawaida, kisha nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda naye nyumbani.

Nilimwambia mapema, kabla ya watu kumwambia kwa ubaya. Aliuliza swali moja tu, huyo mwanamke alikuwa na nywele za namna gani. Nikamjibu, nzito kama zako, za kuvunja vitana. Akaridhika, akaendelea kula.

Alikua mrefu, mcheshi, mkaidi wa kupindukia. Alipomaliza shule hakutaka saluni. Alisema harufu ya nywele zinazoungua inamfuata hadi usingizini. Akapata kazi Homa Bay, kwenye hoteli ya kuuza samaki karibu na ziwa, akapanga chumba huko. Kitambulisho alikuwa ameomba lakini hakijatoka. Alinipigia simu kila Jumamosi jioni, Sabato ikiisha, akinitania kwamba sasa ninaruhusiwa kusengenya.

Kisha Jumamosi moja hakupiga. Nikasema chaji imekwisha. Iliyofuata nikasema ni mtandao. Nilipokwenda Homa Bay, mwenye hoteli aliniambia msichana aliacha kuja kazini, naye akadhani amepata kazi kwingine. Chumbani kwake nilimkuta mpangaji mpya. Mwenye nyumba alikuwa ameshatoa vitu vya mwanangu, godoro amelichukua mtu, vingine vimekwenda na takataka. Nikaandikisha polisi kwamba amepotea, nikarudi Migori, na nikafanya jambo ambalo bado linaniamsha usingizini. Nilifua. Nguo zake zote alizoacha nyumbani, shuka, foronya, vitambaa vya kichwa, hata ile sweta ya shule, nilifua kwa sabuni na maji moto, nikapiga pasi, nikapanga kitandani. Nilitaka akirudi akute pasafi.

Polisi walinipigia mvua zilipokuwa zimeanza. Mwili wa msichana ulikuwa umepatikana ndani ya gugumaji, upande wa Homa Bay, na ulikaa majini muda mrefu.

Sitaeleza nilichoonyeshwa kwenye chumba cha maiti. Nitasema tu kwamba uso haukuwepo wa kutambua, na ncha za vidole hazikufaa kuchukuliwa alama. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba hata iweje, kichwa cha mwanangu nitakijua. Lakini maji yalikuwa yamechukua nywele zote pamoja na ngozi yake. Urefu ulikuwa wake. Urefu ule ni wa wasichana wengi wa kando ya ziwa.

Maabara ya serikali ilituma afisa, msichana wa makamo ya mwanangu hivi, amesuka vizuri, mistari imenyooka. Alinikalisha kwenye benchi la nje, akavaa glavu, akatoa kijiti chenye pamba.

"Wewe ndio mama?" aliniuliza.

"Mimi ndio mama."

"Fungua mdomo, mama. Tutachukua mate kidogo."

Ningeweza kufungua. Kwa muda mfupi nilitamani kufungua, niwe mama yake hata kwenye kile kijiti. Lakini nilijua kingenisuta.

"Sikumzaa," nikamwambia. "Lakini mimi ndio mama."

Akakirudisha kijiti kwenye kifuko chake. Alifanya hivyo polepole, kwa adabu, na bado kiliniumiza kuliko yote niliyoyaona ndani.

"Pole, mama," akasema. "Sasa mate yako haiwezi kutusaidia. Kuna mtu wa damu yake?"

"Hakuna."

"Basi tutafute kitu yake mwenyewe, tulinganishe na mfupa. Mswaki, kitana, kofia. Nywele ndio nzuri. Ikiwa imetoka na mzizi, hapo tunapata mtu mwenyewe. Ikiwa imekatwa haina mzizi, bado si mbaya, kwa sababu ule uzi unabeba alama ya mama."

"Alama yangu?"

Akavua glavu. "Ya mama mzazi. Hiyo alama haitoki kwa baba. Inatoka kwa mama, na mama ya mama, inaenda tu hivyo nyuma."

Nikakaa na jambo hilo lote njiani kurudi Migori. Yule mwanamke aliyekwenda kununua maziwa alikuwa amejiandika ndani ya kila unywele wa mwanangu. Mimi niliyezichana nywele hizo, nikazipaka mafuta, nikampiga kofi la begani atulie, nikamfuta machozi nilipokaza sana, sikuwamo. Nilimkasirikia yule mwanamke kwa mara ya kwanza. Miaka yote hiyo nilikuwa namshukuru.

Nilitafuta. Nilipindua godoro, nikakung'uta viatu, nikapitisha kidole kwenye mshono wa kila nguo, na kila kitu kilinuka sabuni. Saluni nako vitana ninavichemsha, na alichana kwa vitana hivyo hivyo vya wateja. Pale niliposimama kila wiki kumsuka, sakafu nimeifagia tangu alipokuwa mtoto, kwa bidii kuliko nilivyofagia nywele za mtu yeyote, maana huyu nilimwogopea zaidi. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi nilijiganga hadi nikamaliza. Nilikaa chini karibu na mkebe nikaugeuza. Majivu. Nilitia mkono ndani nikayachambua, mtu mzima, mikono hadi viwiko imekuwa myeusi, na mteja mmoja aliyekuja kusukwa akanitazama kutoka mlangoni, akarudi alikotoka.

Kaka yangu mkubwa, ndiye anayekaa kwenye boma la wazazi wetu Rodi Kopany, nilimwendea nikamwomba tumchukue huyu msichana tumzike tu. Si mtu mbaya kaka yangu. Alimbeba mwanangu mabegani akiwa mdogo.

"Nyaminwa," aliniambia, yaani dada yangu, binti wa mama yetu, "mtu hatujui hawezi lala kwa boma. Wewe unajua hiyo. Tukizika mtoto wa wenyewe, hao watu wake watakuja kuuliza, na hii boma itakuwa na shida haiishi. Leta ukweli. Ukikosa ukweli, tutazika yago."

Yago ni tunda la mvungunya, refu, zito, na sisi hulizika badala ya mtu aliyepotea asionekane tena. Linachimbiwa kaburi, linaliliwa, watu wanakula na kwenda zao. Nilimwambia kama anataka kuzika tunda, aanze na lile lililo juu ya shingo yake. Akacheka kwa huzuni, kisha akalia, nami nikaondoka bila kuaga.

Chumba cha maiti nacho hakikuwa na subira. Miili isiyo na wenyewe hutangazwa, kisha kaunti huomba ruhusa ya korti na kuizika pamoja, mahali pasipo na jina. Niliporudi pale kuomba waningojee, nilikutana kwenye benchi na mwanamke kutoka Mfangano. Binti yake pia alikuwa amepotea, na yeye mate yake yalikuwa yamechukuliwa. Tulikaa pamoja, tukala ndizi zangu. Afisa alimwita ndani. Alipotoka alisema, "Si wangu," akashika ukuta. Sikujua nimpe pole au nimpongeze, na yeye hakujua pia. Nilimwonea wivu vibaya sana. Yeye alikuwa na mdomo wa kufungua.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakitafuta. Nikikosa unywele, mwanangu atazikwa na wasiojulikana, lakini atakuwa hai kidogo, mahali fulani, amezima simu kwa ukaidi wake. Nikiupata, atakuwa amekufa. Nilikuwa nazunguka kaunti mbili nikitafuta kitu cha kumuua mwanangu, na kila siku nilipokikosa nilifurahi kidogo, kisha nikajichukia.

Nyuma ya saluni yangu kuna ua wa mfanyabiashara wa vitambaa, Mwislamu kutoka Mombasa, aliyehamia Migori na familia yake. Mkewe ni rafiki yangu wa kugombana. Yeye hunicheka kwa mkebe wangu, mimi humcheka kwa mahamri yake ambayo anasema yamekataa kuumuka kwa sababu ya hewa ya bara. Mwanangu alikulia katika ua huo, akicheza na mabinti zake. Alasiri moja alinikuta nimekaa kwenye ngazi za nyuma, saluni imefungwa, na mkebe umepinduka.

"Dada, watafuta nini humo ndani?" akaniuliza.

Nikamwambia. Nilikuwa nimemweleza habari ya mwili, lakini habari ya unywele sikuwa nimemwambia, maana niliona aibu, baada ya kubishana naye miaka yote juu ya moto wangu.

Alinisikiliza, akaweka chini sinia aliyokuwa ameshika. "Mimi nilimchana," akasema. "Kabla hajaenda Homa Bay. Wewe ulikuwa umemkasirikia kwa kuikataa saluni, hukutaka kumsuka. Akaja kwangu, nikamfumua nikamsuka mabutu. Wakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimesema aende akasukwe na anayemtaka.

"Nywele zake uliziweka wapi?"

"Nilizizika. Mimi sichomi kitu kilichotoka kwa mtu, dada. Nywele na kucha zetu twazizika. Ziko pale penye mlimau, nimezifunga kwa kipande cha kanga."

Akaenda kumuuliza mumewe kama ni halali kufukua, akarudi akasema lisilo budi hutendwa, lakini kwanza aswali. Aliniacha peke yangu chini ya mlimau na mwiko wa kupandia mboga. Afisa alikuwa ameniagiza nisiguse kitu nikikipata, nimwite. Nilichimba hata hivyo. Nilichimba kwa upole, udongo mwekundu, umelowa kwa mvua, na nikakuta vifurushi kadhaa vya kanga, vingine vimeoza. Nyingi ndani yake zilikuwa nywele laini, ndefu, za wenyewe wa ua ule. Kisha nikafungua pembe ya kifurushi kimoja cha kanga ya buluu, na ndani kulikuwa na fungu jeusi, limejikunja, gumu, zito. Nilizijua. Ningezijua gizani kwa ncha za vidole, lakini sikuzigusa.

Hatua chache kutoka pale, jiko la mahamri lilikuwa limewaka, makaa mekundu.

Nasema ukweli, nilibeba kifurushi kile kwa mwiko hadi kwenye jiko. Nilikishika juu ya makaa nikasikia joto mkononi. Nilikuwa nimechoma nywele maisha yangu yote ili mwanangu asidhurike, na hizi ndizo zilizobaki, na mkono wangu ulijua la kufanya kuliko mimi. Zikiungua, hakuna atakayeweza kunipigia simu na kusema ndiye. Nitamngoja kila Jumamosi jioni hadi nife. Kisha nikamfikiria amelala kwenye chuma kule Homa Bay, nambari kidoleni, akingoja mtu wa kumwita kwa jina, nami nimesimama hapa napika.

Rafiki yangu alitoka ndani, mtandio wa swala bado kichwani. Akaona mwiko, akaona jiko. Hakunishika mkono.

"Ukizichoma," akasema, "sitamwambia mtu."

Pengine angenikataza ningezichoma. Nilirudi mlimauni, nikakiweka kifurushi shimoni kama kilivyokuwa, nikafunika, nikampigia afisa.

Alikuja na polisi asubuhi. Alipiga picha, akachimba kwa kijiko kidogo, akatoa nywele kwa kibano, moja moja, akazitia kwenye bahasha ya khaki. Nilimuuliza kwa nini si mfuko wa nailoni. Akasema kwenye nailoni zitaota unyevu ziharibike. Alinyanyua mmoja juu kwenye mwanga, akanionyesha kwenye ncha yake kitu cheupe, kidogo kuliko mbegu ya ufuta.

"Huu umetoka na mzizi, mama," akasema.

Ulitoka na mzizi kwa sababu nywele za mwanangu hazikubali kitana. Ulimuuma, bila shaka. Alikuwa mtu wa kupiga kelele akichanwa, na kwa mwenzangu yule nadhani alijizuia kwa heshima.

Nilingoja. Sisemi zaidi juu ya kungoja kule, nilisuka watu vibaya na waliniambia. Simu ilipokuja ilikuwa ni yeye afisa mwenyewe, hakumwachia polisi. Aliniuliza kama nimeketi.

"Imekubali, mama," akasema. "Ni yeye."

Nikamuuliza kama na ile alama ya mama wameiona. Akasema ndiyo, kwenye unywele na kwenye mfupa, ni moja. Nikasema asante. Nikafikiri, basi hatimaye umerudi kumchukua, mwanamke wewe, baada ya maziwa yako.

Daktari aliyeuchunguza mwili alikuwa amesema mfupa wa shingo ulivunjika kabla ya mwili kuingia majini. Nilipoambiwa mara ya kwanza, nililisikia kama neno la mtu mwingine, kwa kuwa mwili haukuwa wangu bado. Sasa ulikuwa wangu, na shingo yake pia. Aliyeivunja hajulikani mpaka leo.

Tulimzika Rodi Kopany. Kaka yangu alichimba kaburi yeye mwenyewe, na alipolitaja jina la mwanangu mbele ya watu alilitaja pamoja na jina la ukoo wetu. Mwenzangu wa mlimauni alikuja na mabinti zake, wakakaa kando, wakalia kuliko wengi wa damu.

Kabla ya mazishi nilikuwa nimempigia afisa kumwomba nywele zilizobaki. Nilitaka azikwe nazo, awe mzima. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya kazini.

"Hizo hatuwezi kutoa, mama. Ni kielelezo. Siku mtu atashikwa, korti itaziuliza."

"Ziko wapi?"

"Kwa stoo yetu. Zimefungwa na zimepigwa muhuri."

"Nani ana ufunguo?"

Akanitajia cheo cha mtu. Simjui mtu huyo. Sijui dini yake wala nia yake, wala kama ana watoto, na amekaa na nywele za mwanangu nyuma ya kufuli, kitu ambacho nisingemruhusu hata mama yangu mzazi. Saluni nimeifungua tena, na mkebe uko nje ya mlango wa nyuma, na mteja akitaka nauwasha. Jumamosi jioni, Sabato ikiisha, saa ile alipokuwa akinipigia, napiga magoti na kumwombea yule mtu wa stoo. Naomba panya wasiingie. Naomba paa lisivuje, na bahasha isichanganyike na nyingine, na asije akaja mtu na kiberiti.